Jina la Mfadhili Langoni

Mwalimu Onesmo, mkuu wa shule, alipomwita Vumilia ofisini kumkabidhi kazi ya ubao wa kidijitali, Vumilia alikubali kabla mkuu hajamaliza kueleza. Siku hizo alikuwa anakubali kila kitu. Alipopewa zamu alikubali, na alipoongezewa vipindi vya mwenzake aliyejifungua alikubali vilevile. Tangu duara, shimo la kuchimbia dhahabu, limfukie mumewe, Amosi, nje kidogo ya Masumbwe, watu walimsifu kwamba amejikaza. Mwenyewe alijua hajajikaza. Alikuwa tu hasikii kitu. Alikula, akafundisha, akalala, kukacha akaamka.

"Wewe ndiye mwalimu wetu wa kompyuta," mkuu alisema. "Nataka ubao wa pale langoni, hata abiria wa basi la Kahama ausome. Jina la shule, matangazo, matokeo ya mitihani."

"Sawa, mkuu."

"Mfadhili tunaye." Onesmo alisogeza kalamu mezani, akairudisha ilipokuwa. "Ni Pantaleo."

Pantaleo ndiye mwenye duara lile. Wachimbaji walikuwa wamelalamika kwamba magogo ya kushikilia kuta yameoza, akawaambia wavumilie mpaka mwisho wa wiki. Mwisho wa wiki haukufika.

"Ubao wenyewe uwe na upana gani?" Vumilia aliuliza.

Fundi Masudi alikuja kutoka Kahama, wakasimama wote langoni. Vumilia aliipenda kazi ile kwa sababu ilikuwa na maswali yenye majibu. Ubao ungeelekezwa magharibi, jua la alasiri lingefuta maandishi yote, kwa hiyo waliukalisha mshazari. Nguzo ziliinuliwa juu ya kimo cha ng'ombe wanaopitishwa pale kwenda mnadani, na kioo kikapangiwa kifuniko cha kuzuia vumbi la malori yanayokwenda Rwanda. Kwa umeme unaokatika ovyo ilitakiwa betri.

"Na maneno yawe machache, mwalimu," Masudi alisema. "Dereva wa lori hasomi barua."

Nyumbani alikuwapo mama mkwe wake, Limi, aliyetoka Ibadakuli kuja msibani na hakuondoka tena. Kwake msiba ulikuwa haujaisha. Waokoaji walichimba, kuta zikazidi kumomonyoka, mwishowe wakaacha. Amosi na wenzake wawili walibaki chini. Hakuna aliyetupia mchanga kaburini, maana kaburi halikuwapo. Limi alikuwa ameshakwenda kule mara moja peke yake. Alikuta uwanja umezungushiwa miba na watu wanamwaga taka, akarudi bila kujua asimame wapi amlilie mwanawe.

"Nasikia yule mtu ataandikwa jina kwa taa," Limi alisema jioni moja.

"Ndiyo, mama."

"Na mwanangu?"

Vumilia aliendelea kukata matembele. Kudra, binti yake wa kidato cha kwanza, aliinua macho kutoka kwenye daftari akasubiri jibu. Matembele yakaisha kukatwa, akarudi kuandika.

Mchoro ulipokamilika, Pantaleo alifika shuleni kuuona. Alikuwa mtu wa rika la Amosi, mnene kidogo, mpole wa sauti. Msibani alileta gunia la mchele akaondoka kabla ya sala.

"Pole na kazi, Mama Kudra."

"Asante. Karibu."

Vumilia alimwonyesha kwenye kompyuta: jina la shule juu, nafasi ya matangazo katikati, na chini kabisa, Kwa hisani ya Pantaleo. Mkuu alisimama nyuma yao akitabasamu. Pantaleo aliutazama mchoro muda mrefu.

"Jina langu litoe," alisema. "Andika Kwa kumbukumbu ya Amosi. Nimeona itapendeza hivyo."

"Wazo zuri sana hilo!" Onesmo alidakia.

"Hapana," Vumilia alisema.

Wote wawili wakamgeukia.

"Amosi hakusoma hapa wala hakufia hapa. Kule alipo hakuna hata kibao. Mama yake alikwenda, akakuta jalala."

"Lakini Mama Kudra, pale pameshafungwa," Pantaleo alisema.

"Pamefungwa kwa miba." Hakupandisha sauti. Aliongea vilevile alivyokuwa akiongea na Masudi juu ya urefu wa nguzo. "Jina lako liache hapa. Nitalipanga lisomeke vizuri. Wewe weka majina yao kule, wote watatu. Sitaki kingine."

Pantaleo alijifuta jasho. "Nikiweka majina pale, nitakuwa nimekiri."

"Ndiyo."

Aliondoka bila kuaga. Mkuu alifunga mlango, akamwuliza Vumilia kama anaelewa ameikosesha shule nini. Vumilia alisema labda ameikosesha. Kisha akaomba ruhusa, kengele ilikuwa imelia na kidato cha pili walikuwa wanamsubiri.

Wiki zilipita kimya. Walimu walianza kumkwepa kwenye chai, naye hakuumia. Hata alijaribu kuumia, akashindwa.

Siku moja Masudi akapiga simu.

"Mwalimu, mfadhili wenu kanipa kazi mbili. Ubao wa shule, na bamba la chuma lenye majina. Naomba unihakikishie herufi. Ngusa ni N-g-u-s-a?"

"Ndiyo."

"Na Jilala, na Amosi."

"Ndiyo. Ndio hao."

Bamba lilisimikwa kwanza. Miba ilikuwa imeondolewa na taka zimezolewa. Pantaleo hakuja, alituma vijana wa kuchanganya zege. Limi alipiga magoti, akashika mchanga akautupa mbele ya lile bamba, akalia kwa Kisukuma, maneno ya kumwita mtoto mdogo arudi ndani. Wajane wengine wawili walilia pamoja naye. Vumilia alisimama akisubiri. Alisoma jina la mumewe, akaona herufi zimenyooka vizuri. Zaidi ya hapo hakuona kitu.

"Sasa naweza kurudi kwangu," Limi alisema wakiwa njiani. Kesho yake akapanda basi la Shinyanga.

Ubao wa langoni uliwashwa Jumatatu, wanafunzi wote wakiwa paredi. Onesmo alimpongeza mbele ya shule nzima kana kwamba hawakuwahi kugombana. Vumilia alibonyeza kitufe, maandishi yakatokea: Karibuni. Kikao cha wazazi Ijumaa. Chini yake, kama alivyoahidi, jina la mfadhili lilisomeka wazi kutoka ng'ambo ya barabara.

Paredi ilipovunjika, Kudra alimfuata.

"Mama, hilo jina la chini umeliandika wewe?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Tulikubaliana. Yeye aweke la baba yako kule, mimi niweke lake hapa."

Kudra aliutazama ubao, kisha akamtazama mama yake kama mtu aliyefika kwenye nyumba isiyo yenyewe. Aliinamisha kichwa akaenda darasani, shati lake limechomoka nyuma kwenye sketi.

Vumilia alitaka kumwita alichomekee. Badala yake aliegemea nguzo ya ubao, iliyokuwa bado na harufu ya rangi mbichi, na hapo kifuani kitu kikamchoma, kidogo, upande mmoja. Lori la Rwanda likapita, dereva akapunguza mwendo kusoma. Vumilia aliendelea kusimama pale, mkono kifuani, mpaka mwalimu wa zamu akaja kumwuliza kama anaumwa.

"Ndiyo," alisema.