Boke Hakugusa Mrija

Mwaka wa themanini na nne ulianza vibaya Nyambureti, kijiji cha Wakurya, kama ule uliotangulia. Sabuni ilipatikana kwa kibali, sukari ilisikika kwa jina tu, na watu walitambuana kwa mbali kwa viraka vya suruali zao. Katika hali hiyo ndipo klabu ya vijana ilipopewa amri: kabla ya mwisho wa Machi wawe na mradi wa kueleweka, la sivyo nyumba yao itafanywa ghala la pamba la kijiji. Nyumba yenyewe walikuwa wameifyatulia matofali wenyewe, na mwenyekiti wa kijiji aliyetoa amri hakuwahi kubeba hata tofali moja.

Katibu wa klabu alikuwa Boke, binti wa Waitara, msichana wa miaka ishirini aliyemaliza darasa la saba akabaki na mwandiko mzuri usio na kazi. Ukuta wa mashariki waliujenga yeye na wasichana wenzake, na habari ya ghala ilimuuma mno. Ni yeye aliyesikia kwamba fundi Swaleh anauza cherehani. Swaleh alikuwa mtu wa Pangani aliyeshona Nyambureti miaka kumi na saba, na sasa alitafuta nauli ya kurudi kwao. Aliwapa vijana wiki tatu walete fedha. Wakichelewa, kuna mnunuzi huko Sirari mpakani. Mradi gani tena ungezidi huo? Vitambaa vipya havikuwapo, lakini nguo za kuraruka zilikuwa tele.

Wakakubaliana kulima vibarua. Shamba kubwa la ulezi lilikuwa la mzee Nyangwine, mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache, na Boke akatumwa kumwona. Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na lilikuwa kosa lililotokana na adabu. Boke alitoa shikamoo, akaulizwa habari za nyumbani, akajibu, akasema vijana wa klabu wako tayari kumpalilia. Nyangwine akasema vema, waje Jumatatu ya wiki ijayo. Bei ikabaki mdomoni. Binti aliyelelewa vizuri hasimami uani kwa mzee wa rika la babu yake akamtajia bei. Boke alidhani malipo yatazungumzwa kazi ikiisha.

Jumatatu hiyo walifika watu ishirini na wawili, majembe begani, wakiimba, jua bado halijapanda. Sasa mwulize Mkurya yeyote, watu wanaokuja shambani alfajiri kwa nyimbo na bila bei ni watu gani? Atakwambia ni risaga, kazi ya kusaidiana, leo kwangu kesho kwako, na mwenye shamba hutoa pombe. Nyangwine aliona risaga. Wake zake walikuwa wameshughulika na pombe tangu siku ile Boke alipokuja.

Siku ya pili jioni palizi lilikwisha, vijana wakaitwa uani. Boke alibaki nyuma akikusanya majembe. Alipofika aliwakuta wenzake wote wameinamia vyungu, mirija mdomoni, akiwamo Mogesi, mwekahazina, ambaye ndiye hasa aliyepaswa kuuliza malipo. Aliyekunywa pombe ya risaga amekwisha kulipwa, na hakuna pa kukata rufaa. Boke aliletewa mrija. Akaurudisha bila kuugusa, akaenda zake nyumbani.

Kesho yake alikwenda kwa Swaleh kumwambia auze tu huko Sirari. Alimkuta nyuma ya nyumba, ameegemea fimbo, anatazama ekari ya pamba iliyomezwa na magugu. Ndipo mzee alipomweleza. Serikali ilikuwa imetaka kila mtu awe na kazi ya kuonekana, na pale kijijini kazi ya kuonekana maana yake ilikuwa ekari moja ya pamba. Mwenye shamba chafu angehesabiwa mzururaji na kurudishwa kwao. Swaleh alipanda Desemba kwa vibarua. Kisha goti likavimba, na fedha za vibarua wa palizi hakuwa nazo. Bwana shamba angekuja kukagua Jumamosi.

"Mimi sijachoka na Nyambureti," alisema. "Naondoka kabla sijaondolewa."

Boke, ambaye siku zote alidhani mzee anaililia Pangani, aliona aibu. Wenzake wasingeitika tena. Kila mmoja alikuwa amejificha kwenye shamba la baba yake. Akaenda moja kwa moja kwa Nyangwine, akamwamkia kama binti amwamkiavyo baba.

"Shikamoo, tata. Jana mimi sikunywa."

"Marahaba. Nilikuona. Basi unanidai kazi. Shamba lako liko wapi?"

Aliuliza akijua kwamba msichana asiyeolewa hana shamba.

"Liko nyuma ya nyumba ya fundi Swaleh."

"Lile la Mswahili?"

"Ndilo nililolichagua, tata. Anayedai ndiye anayeita watu, na huwaita anakotaka."

Nyangwine alimtazama mpaka Boke akainamisha macho. Kisha akauliza siku.

Ijumaa alikuja mwenyewe, na wanawe, na wakaza wanawe, jumla kumi na wanne. Walipita mbele ya kina Mogesi, mzee ametangulia na jembe lake, na vijana wakaona haya kuendelea kukaa. Kufikia saa tatu klabu yote ilikuwa ndani ya pamba.

Saa sita watoto wa Nyangwine wakaanza kuulizana kinywaji kiko wapi. Swaleh hapiki pombe, ni Mwislamu, na chai ya kukaribisha watu haikuwa na sukari. Akaomba cherehani itolewe, iwekwe pembeni mwa shamba, na kila mtu alete kilichoraruka. Wanaume wakapalilia vifua wazi huku mashati yao yakishonwa. Ilipofika nguo ya saba goti la Swaleh likakataa kukanyaga. Akasogea kando akamwambia Boke akae.

Boke alikanyaga kinyume, uzi ukakatika. Akakanyaga tena, ukakatika. Swaleh akautunga mara ya tatu, na lililofuata kuletwa lilikuwa koti la Nyangwine mwenyewe, limechanika begani. Boke alilishona kijasho kikimtoka, na mshono ukaenda upande. Mzee akalivaa, akainua mkono, akaushusha.

"Limeshika," alisema. "Sasa hatudaiani."

Akarudi kwenye mstari wake wa pamba, ingawa deni lilikuwa limekwisha na hakuna aliyemwita. Swaleh alimtazama akiinama. Kisha akamwambia Boke nauli ya Pangani haina haraka, akamwomba amfikishie mwenyekiti wa kijiji habari: nyumba ya vijana imekwisha pata mradi na fundi, atahamia Jumatatu na cherehani yake.

Boke akavuta suruali iliyofuata.