Picha ya Chiriku

Mtaa mzima ulimwita mke wangu Chiriku, na jina lenyewe nililianzisha mimi. Kuna ndege gani mwingine anayepiga domo tangu alfajiri bila kumeza mate? Anachagua mchele, anaongea. Anapiga pasi, anaongea. Nikirudi kutoka karakana, macho yananiwaka kwa moto wa kuchomelea, namwambia, "Nyamaza basi, mama watoto, kichwa kinaniuma," naye anacheka na kuanza habari nyingine. Asubuhi aliwamwagia ndege chenga za mchele nyuma ya jikoni, na hao nao akawapa umbea wa mtaani.

Kisha kiharusi kikampiga. Upande wa kulia ukalala, mdomo ukapinda, sauti ikakatika. Nyumba ikawa kimya mpaka nikawa nasikia friji inavyonguruma.

Akaja dada mmoja anayewafundisha wagonjwa kuongea. Akaniambia nimwonyeshe picha za vitu anavyovipenda, nimtajie, nimsubiri. "Miezi hii ya mwanzo ndiyo ya kupambana, mzee. Ikipita, kazi inakuwa ngumu." Nikamwonyesha wajukuu. Kimya. Nikamwonyesha picha ya harusi yetu. Kimya, na nadhani alinionea huruma kwa ile suti. Ndipo binti yetu akasema, "Baba, na ndege wake je?"

Wee! Hilo sikuwa nimelifikiria. Ila chumba chetu cha kulala kinatazama barabarani, ndege hawaji upande huo, na kumkalisha jikoni tulijaribu, kichwa kikamzunguka akataka kuanguka. Ilibaki picha tu. Nikachukua mfuniko wa sufuria kuukuu, nikauchomelea juu ya bomba la chuma, nikalisimamisha nyuma ya jikoni na kujaza chenga. Mimi ni fundi wa mageti, mkono wangu haujui kutengeneza kitu chepesi. Binti akalitazama, akaangua kicheko. "Baba! Huu si ndio uwanja wa ndege wenyewe? Hapa hata abiria wanashuka." Nikacheka na mimi, mara ya kwanza tangu siku ile.

Kicheko kiliishia hapo. Wakaja kunguru. Nikawafukuza, wakaja njiwa, wakala kama wamealikwa. Chiriku akitua, hatulii, picha inatoka ukungu mtupu. Nikijaribu tena, napata mkia. Karakana nikaifunga. Wateja walipopiga niliwakatia, maana simu hiyo hiyo ndiyo kamera. Kila asubuhi nilijibanza nyuma ya pazia la jikoni nikiwabembeleza ndege, mimi, mtu mzima na mvi zangu. "Tulia kidogo tu, baba. Nakuomba."

Hatimaye nikampata mmoja, kifua cha manjano, punje mdomoni, safi kabisa. Nikakimbia chumbani, nusura nijikwae kizingitini. Nikamwekea simu mbele ya macho.

"Huyu nani, mama? Sema. Chi..."

Akaiangalia.

"Chi... ri..."

Akafumba macho.

Nikapandwa na wazimu. Nikatoka, nikaling'oa lile dude, nikaliburuta mpaka dirisha la chumbani, kwenye honi na vumbi, nikalikita karibu kabisa na kioo. Kama picha haitoshi, waje wenyewe! Nikamwaga mchele mzima, si chenga tena. Hakuja hata kunguru. Siku zikapita. Yule dada alipokuja tena hakutaja kupambana. Alinifundisha namna ya kumgeuza kitandani asipate vidonda vya mgongoni.

Nilimsindikiza mlangoni, nikamshukuru kama mtu mwenye adabu zake. Niliporudi chumbani nikasimama nimelipa dirisha mgongo, nikapayuka. Sikuwa namgombeza yeye. Niligombana na ndege, na simu, na barabara, na, Mungu anisamehe, hata na Mungu mwenyewe. Nilikuwa naogopa, basi. Niliogopa kuzeeka ndani ya ile nyumba nikisikiliza friji.

"Miaka yote umeongea, leo unakosa neno moja? Moja tu, mama watoto! Nitukane basi! Niite mjinga, niite..."

"Nya... maza."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamtazama. Hakuwa ananiangalia mimi. Macho yake yalikuwa yamepita begani kwangu, yameganda dirishani. Nikageuza shingo polepole. Kwenye mfuniko wa sufuria, honi zikilia nyuma yake, chiriku mmoja alikuwa anadonoa mchele.

Simu ilikuwa mfukoni, sikuigusa. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikaushika ule mkono wake ulio mzima. Ndege akala, akaruka, akaenda zake. Mdomo wa mke wangu ukacheza kidogo, kisha ukatulia. Nikasubiri. Nikasubiri tena.

"Rudia, mama," nikamnong'oneza. "Tafadhali. Ninyamazishe tena."