Kiboko wa Mayala

Kwanza niseme wazi: katika ubishi wote ule, si mimi wala Mayala aliyewahi kukata tiketi. Mapesa tuliyokuwa tukiyagombania yalitoka kwa watu wa Marekani, wa Uchina na wa nchi ambazo hatutazikanyaga, watu walioingia ukumbini na watoto wao na bisi mkononi. Sisi tulikuwa Ipuli, Tabora, kwenye vibanda viwili vilivyotenganishwa na bati moja. Yeye alitengeneza redio na kuwaingizia watu picha kwenye flash, mimi nilishona. Katuni zilitufikia kwa njia zake, nami sikuuliza ni njia gani.

Mayala alikuwa Mnyamwezi wa Kwihara, mzee wa kanisa, amefiwa na mke kama mimi nilivyofiwa na mume. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe. Mume wangu alikuwa mtu wa reli, reli ikamleta huku, ikamstaafisha huku, akazikwa huku, nikabaki. Kwa hiyo mimi na Mayala tulikuwa watani kabla hatujajuana majina. Babu zake walitembea na pembe za ndovu mabegani mpaka Pwani, wakapita kwa babu zangu wakiomba maji, na tangu hapo Mzaramo na Mnyamwezi hawana adabu wakikutana. Siku ya kwanza nilipofungua kibanda aligonga bati akauliza, "Nani kamleta huyu mla nazi kwenye nchi ya watu?"

Nikamjibu, "Mbeba mizigo, tua kwanza ndipo useme."

Akacheka mpaka akakohoa. Ndivyo tulivyoanza.

Mwaka huu, mwezi wa saba, zilitoka katuni mbili Ijumaa moja. Ya kwanza ilikuwa ya kiboko anayeogopa maji. Ya pili ilikuwa ya bibi kizee anayewasha treni kuukuu na kuzunguka nayo kuwakusanya wajukuu zake waliotawanyika. Mayala akachukua kiboko. Alisema Unyamwezini hakuna mto wa maana, kwa hiyo kiboko asiyetaka maji ni ndugu yao kabisa. Mimi nikachukua treni, na sihitaji kueleza kwa nini. Mwanangu Mfaume yuko Mbagala na hunipigia simu sikukuu inapokaribia.

Kila Jumatatu asubuhi Mayala aligonga bati. Alikuwa akiisogeza simu mbali na uso, maana miwani aliikataa, na kusoma mauzo ya tiketi ya wikiendi kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya kura. Kisha vita.

"Treni inaongoza, mtani, lakini pumzi imekata. Wiki hii imeshuka. Kiboko hajashuka."

"Ukitoa Uchina, huyo kiboko wako ana nini?"

"Kwani Wachina si watu?"

"Ni watu, ila wanamwonea huruma. Na ilitumika kiasi gani kumtengeneza? Mbona hilo husomi? Treni imetengenezwa kwa nusu ya fedha. Hata akija kuipita: mtu aliyepanda gunia moja akavuna kumi, na aliyepanda magunia kumi akavuna kumi na mbili, mkulima hapo ni nani?"

"Aliyevuna kumi na mbili! Ghalani hawaulizi ulipanda nini!"

Wateja walitushangaa. Mama mmoja aliyeleta sare za wanawe aliniuliza kama tunalipwa. Nilimwambia hatulipwi, na kama hataki kelele apeleke sare zake kwingine. Alipeleka. Hasira zangu zimenipotezea wateja wengi na sijawahi kuwafuata.

Lakini nitasema jambo moja. Watu wa Tabora ni wema. Ukipita mtaani vijana wanakuamkia, shikamoo mama, marahaba, hujambo, sijambo, na wanapita. Wema wao unaishia hapo. Unaweza kukaa mjini miaka mingi ukiamkiwa vizuri kabisa na usiwe na mtu wa kuongea naye. Mtu wa kuniambia "Hafsa, unasema uongo" alikuwa mmoja tu, na alikuwa upande wa pili wa bati.

Na uongo nilisema, makusudi, kwa sababu Mayala hakuweza kuuacha upite. Yaani hakuweza. Siku moja nilimwambia mteja kwa sauti kwamba treni imeshinda tuzo huko Ulaya. Mayala alikuwa ameshika waya wa moto, anaunga redio ya watu. Aliacha redio inatoa moshi, akatoka, akasimama mbele ya cherehani yangu. "Tuzo gani? Ulaya ipi? Taja mji!" Mara nyingine malaria ilimlaza nyumbani, nikamtumia ujumbe kwamba kiboko ameondolewa kwenye kumbi kwa kukosa watu. Haikupita muda nikapokea sauti yake, meno yanagongana kwa baridi: "Mzaramo... muongo... wewe... jumla yake ni..." Nilicheka peke yangu kibandani mpaka machozi yakatoka. Nikapika uji nikampelekea.

Ahadi tuliiwekeana mwezi huo huo, tukitoka msibani kwa jirani yetu. Msiba ulikuwa na maturubai, mshereheshaji na kipaza sauti, na hakuna mtani hata mmoja aliyetokea. Mayala aliudhika njia nzima. Alisema zamani mtani alivaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake, akamtukana mpaka wafiwa wakacheka, na hapo ndipo ulipojua kwamba mtu amezikwa. Siku hizi msiba umekuwa kama kikao cha wazazi.

"Mimi nikifa, uje," akasema. "Usinililie. Ukinililia watu watasema tulikuwa na jambo. Njoo unitukane. Usipokuja nitajua hukuwa mtani, ulikuwa jirani tu."

"Kufa kwanza," nikamwambia.

Nilikuwa natania. Ndiyo kazi yetu.

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa alinipa koti lake la kijivu, mfuko umechanika. Alisema analitaka Jumatatu. Kuhusu picha alisema kiboko yuko nyuma kidogo tu, na wikiendi hii anaipita treni, nijiandae. Nikamwambia kiboko hakimbizani na treni, anagongwa.

Jumatatu nilifika mapema, nikalitundika koti ukutani, nikakaa. Bati halikugongwa. Nikafikiri amechelewa, nikafikiri kiboko ameshindwa na Mnyamwezi anaona haya. Kufuli lake lilikuwa limefungwa. Saa nne alipita kijana wa kanisani kwao, akaniamkia, akaniambia kwamba Mzee Mayala alianguka jana baada ya ibada, presha, na hawakumfikisha hospitali.

Nilisema "Inna lillahi". Nilikaa nikiliangalia bati. Sikuwahi kuliangalia kabla ya siku ile. Nilikuwa nalisikia tu. Nilisikitika, nilikasirika, na zaidi ya yote niliogopa, kwa sababu nilizihesabu sauti zinazoniita jina langu mjini Tabora nikakuta hakuna.

Halafu nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nikachukua simu yangu nikatafuta mwenyewe mauzo ya wikiendi. Ilinichukua muda, macho yangu nayo si mazuri. Nikapata. Kiboko alikuwa amepita. Kwa kidogo sana, lakini amepita, jumla yake ilikuwa juu ya treni. Mayala alikuwa ameshinda ubishi, na mtu aliyejua hivyo nilikuwa mimi peke yangu.

Mazishi yalikuwa Kwihara, Jumanne alasiri. Nililipiga pasi koti usiku ule, nikalikunja nikalitia kwenye mkoba, nikapanda bodaboda. Nyumba yao iko mbele ya njia wanayopita wageni kwenda makumbusho. Watu walikuwa wengi, ratiba imechapwa na picha yake juu, ile ya kitambulisho, amekunja uso kama mtu anayedaiwa. Nilimtafuta mwanawe mkubwa, Marko, aliyefika kutoka Dodoma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pole sana, baba. Mimi ni Hafsa, jirani wa kibanda. Ni mtani wa baba yako. Naomba nafasi ya mtani."

Alinitazama kwa upole. Ni kijana mstaarabu, amesoma. "Mama, asante kwa kuja. Ila baba alikuwa mzee wa kanisa, na ratiba imeshapangwa. Hayo mambo ya utani tuyaache, watu wasije wakatuelewa vibaya."

Ningekuwa kibandani ningemjibu. Pale baba ni wake na msiba ni wake. Nikaenda kukaa na akina mama. Wasifu ukasomwa: alizaliwa, alisoma, alioa, alilitumikia kanisa. Kila neno lilikuwa kweli na Mayala hakuwamo. Hakuna aliyetaja redio zilizotoa moshi. Waliimba, wakasali, wakalishusha jeneza, na mchungaji akatupia udongo. Nikaona wanaume wanashika makoleo, na nikajua kwamba wakimaliza nitarudi Ipuli nikiwa jirani tu.

Nikasimama. Nikatoa koti nikalivaa. Lilinifika magotini. Nikaenda mpaka ukingoni mwa kaburi kwa mwendo wake wa kuvuta mguu wa kushoto, nikatoa simu, nikaisogeza mbali na uso, mbali, mbali zaidi, nikakunja uso kama kwenye ile picha.

Mtu mmoja akaguna. Makoleo yakasimama.

"Mbeba mizigo!" nikaita. "Leo umebebwa wewe! Babu zako walitembea mpaka Pwani kwa miguu, wewe kutoka kanisani mpaka hospitali umeshindwa!"

Marko akanyanyuka. Lakini dada wa marehemu, Bi Kashindye, mama mtu mzima kabisa, alikuwa amekaa jirani naye, akamkamata mkono. "Kaa chini, mwanangu. Tulikuwa tunamsubiri huyu tangu asubuhi." Kisha akaniambia kwa sauti, "Mayo, mama, mtukane, huyo alikuwa mbishi!" na wazee wa nyuma wakaanza kucheka, kicheko cha watu waliobanwa muda mrefu.

Nikamtukana. Nilisema aliunga redio ya mtu ikawa inashika stesheni moja tu, tena ya taarabu, akamwambia mwenyewe ndiyo mashine mpya. Nilisema alikataa miwani ili asiuone uso wake. Nilisema ameniachia koti na mfuko wake kwa kukwepa kunilipa ufundi. Akina mama walijifuta machozi na kanga wakicheka. Hata Marko, nilimwona, alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yanamtikisika, na sikuweza kujua kama analia au anacheka. Nadhani yote mawili. Mayala sasa alikuwa amezikwa, kama alivyotaka.

Ningeweza kuishia hapo. Ahadi nilikuwa nimeitimiza. Lakini nilikuwa bado na simu mkononi, na jumla bado iko pale kwenye kioo.

Nikainama juu ya kaburi. Sikupaza sauti tena, ila watu walikuwa wametulia na wa karibu walisikia.

"Mtani, hesabu za Jumatatu zimetoka. Kiboko wako ameshindwa."

Wakacheka tena, hata wasiojua kiboko gani.

"Ameshindwa vibaya. Wachina wamemkimbia. Treni imempita, imempigia na honi. Nimeangalia mwenyewe kwa macho yangu. Unasikia, Mayala? Ameshindwa. Kama nasema uongo, kataa."

Vicheko vikapungua, kisha vikaisha. Mchungaji akafungua kitabu chake, wanaume wakayainua makoleo, wakanisubiri nisogee. Sikusogea. Nilikuwa nimeinama pale na koti lake, nasikiliza. Ulikuwa uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kumwambia, wa wazi, hata mtoto angeukataa, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane Mayala aliuacha upite.