Mkutubi na Mwenzake wa Kabini

Mkutubi alipostaafu, baada ya miaka thelathini na mbili ya kuwanyamazisha watu, aliamua kwenda kutembea kwa meli siku nane. Alikuwa mjane, hana wa kumwomba ruhusa wala wa kwenda naye. Katika ofisi ya wakala wa safari alipewa habari njema: kabini zote ni za watu wawili, kwa hiyo anayesafiri peke yake hulipia na kile kitanda kisicholaliwa.

"Yaani nilale mmoja, nilipe wawili," alisema mkutubi.

"Sivyo, mama. Unalipia faragha," alijibu binti wa wakala, ambaye kwa kweli alikuwa amefundishwa kazi.

Pesa alikuwa nazo, ila hakuwa tayari kutozwa faini ya ujane. Akachagua kuchangia kabini na mwanamke asiyemjua. Akapewa fomu aeleze anamtaka mwenzake wa namna gani, na hapo ndipo alipojimwaga. Asiwe msemaji. Asijipulize manukato. Asipige simu chumbani. Nafasi ilipokwisha aligeuza karatasi, akaandika kwa herufi kubwa, na mstari chini yake, kwamba anayekoroma asiletwe kabisa. Dada yake mkubwa alipoonyeshwa nakala alimwuliza anatafuta msafiri au maiti.

Aliyeletwa alikuwa mkunga, mwanamke mnene mwenye begi moja dogo. Alisalimia, akauliza mwenzake anapenda kitanda kipi, akachukua kilichobaki. Kabini yenyewe ilikuwa ya fahari: mmoja akitaka kufungua kabati, mwingine sharti apande kitandani. Mkutubi akakaa kusubiri kasoro. Haikuja. Mkunga alizungumza kwa kiasi, alinukia sabuni tu, na kila asubuhi mkutubi alipofumbua macho alikuta mwenzake ameshatoka, kitanda kimetandikwa. Mkutubi alimpigia dada yake simu kumweleza kwamba shida ya watu ni kutojua kujaza fomu.

Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, alimkuta mkunga kwenye sitaha amelala kitini, mdomo wazi. Mhudumu akamnong'oneza kwamba mama huyo amekuwa akilala pale tangu meli ing'oe nanga. Mkutubi alimwamsha, akamwuliza kama kitanda kina kasoro, waende wote mapokezi wakalalamike. Kulalamika alikuweza sana.

Mkunga alisema kitanda hakina neno. Akasifu hewa. Akaisifu bahari. Mwishowe akakosa cha kusifu.

"Dada, nimekaa na wanawake wenye uchungu miaka ishirini na sita. Kelele nazijua. Lakini wewe, unisamehe, unakoroma."

Mkutubi alicheka, akasema haiwezekani. Ameishi na mume miaka ishirini na minne, hajamsikia akilalamika hata siku moja.

"Alikuwa analala wapi?" aliuliza mkunga, wala si kwa ubaya.

Sebuleni, kwenye kochi. Kwa ajili ya mgongo, alivyosema daktari. Mkutubi alifungua kinywa amtaje huyo daktari, akagundua kwamba hajawahi kumwona. Akakaa kiti cha pembeni. Alikumbuka blanketi la mumewe alilolikuta limeshakunjwa kila alipoamka, kisha mumewe akipandisha mtungi wa gesi ghorofa ya tatu kwa mgongo uleule mbovu, akipiga mluzi. Machozi yakamlengalenga. Mkunga alimpa leso, akatazama upande mwingine.

Mchana ule mkunga aliomba kabini ya peke yake na kulipia nyongeza bila kunung'unika. Meli, yenye huruma isiyo na kifani kwa mwenye kadi ya benki, ikampatia mara moja. Mkutubi ndiye aliyembebea begi. Hivyo akabaki na vitanda viwili kwa bei ya kimoja, na hakuona raha hata kidogo ya kujisifu. Siku zilizobaki walikula pamoja na kushuka bandarini pamoja. Mkunga, akiwa sasa analala, aligeuka msemaji kwelikweli, na mkutubi alimsikiliza mpaka chai ikapoa.

Dada yake alikuja kumpokea, akauliza habari za yule mwenzake. Mkutubi akasema ni mtu mwema, walitengana vyumba tu. Kisha akamkazia macho.

"Tulilala chumba kimoja utoto mzima. Na wewe ulijua?"

Dada yake akasema wafanye haraka, teksi inawasubiri, akainama kuchukua sanduku ambalo tayari alikuwa amelishika.