Ufunguo wa Bi Tabu

Hakuna aliyemroga Bi Tabu. Uungwana wake ndio uliomponza.

Ghorofa la Chang'ombe lilijengwa baada ya Uhuru, likawa ofisi za shirika la umma ambalo lilikufa zamani na kuacha watu wake kwenye mataa. Mume wa Bi Tabu, marehemu Mwinshehe, alikuwa tarishi pale. Mishahara ilipokatika akahamia na mkewe chumba cha chini, wenzake wakafuata. Wakapika koridoni, wakazaa, wakazika.

Kisha tajiri mmoja akalinunua. Ofisi zigeuzwe apatimenti, zenye lifti na viyoyozi. Wakazi wakaapa hawatoki bila maandishi kwamba watarudishwa. Adelina, jirani wa mlango wa pili, alishapata hata wakili. Ilikuwa Ramadhani. Revelian, msimamizi wa ujenzi, kijana wa Kihaya mwenye adabu zake, alikuwa akija jioni, na Bi Tabu hakuweza kumwacha mtu amesimama mlangoni adhana ikilia. Akamkaribisha mkekani. Kijana akala muhogo wa nazi, akanywa uji, na kesho yake akarudi na tende.

"Mama, mtarudi wote," alisema. "Bosi kaniahidi."

Kwa Bi Tabu ilitosha. Mtu aliyefuturu kwako mwezi mzima utamdaije karatasi? Si kumtukana huko? Akapita mlango kwa mlango akiwasihi wenzake. Adelina aligoma hadi mwisho, ndipo akasema, "Haya. Nakusikiliza wewe, si yeye." Wakatawanyika. Adelina na wanawe wakaenda kubanana kwa shemeji yake Segerea.

Sasa ghorofa limekwisha, linang'aa, na Revelian amempigia simu aje. Bi Tabu akajifunga khanga mpya, akabeba visheti.

"Shikamoo mama," alisema Revelian, macho chini.

"Marahaba mwanangu. Haya nipeleke, nikakione chumba changu."

"Mama, bosi kageuka. Nimepambana naye, haki ya Mungu. Nilichokupatia ni kazi tu, usafi wa korido." Akamwekea ufunguo kiganjani. "Stoo ya vifaa ni chumba chenu kilekile."

Bi Tabu akafungua mwenyewe. Palipokuwa na kitanda alichofia Mwinshehe palikuwa na mafagio, ndoo na dawa za choo. Alitamani kumtukana kijana yule mpaka mama yake Bukoba asikie, lakini Revelian alikuwa analia. Hata hasira walimnyima. Akaweka visheti juu ya ndoo.

Simu ikaita. Alikuwa Adelina.

"Bi Tabu! Mie nimekaa roho juu tangu asubuhi. Wamekupa ufunguo?"

Bi Tabu akautazama. Alijua analopaswa kusema, na mdomo haukumtii.

"Wamenipa."

Huko Segerea vikapigwa vigelegele, na Adelina akasikika akiwaita wanawe waanze kufunga mizigo.