Mwili Ulionyooshwa

Mkanda wa njano ulifungwa kwenye bomba la maji, ukazungushwa hadi nguzo ya kamba ya nguo, na Dobi akabaki ndani yake. Hakuna aliyemwambia atoke. Alisimama kando ya beseni la mashuka, povu likimkaukia mikononi. Gari lilikuwa limeshauchukua mwili wa binti wa jikoni. Mpiga picha wa polisi alichuchumaa chini ya ngazi, akipanga vibao vya namba: kwenye ndala, kwenye damu, kwenye shuka.

"Shuka hili la nani?" mpelelezi aliuliza.

"La humu ndani, afande. Nilimfunika nalo."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Nimekuja kufua kama kawaida, nikamkuta hapo, keshapoa. Nikamfumba macho, nikamnyoosha, nikamfunika. Mtoto wa watu alilala vibaya, gauni limempanda."

"Umemnyoosha!" Mpelelezi alimgeukia mpiga picha. "Unasikia? Mwenzetu kamaliza kazi kabla hatujafika. Bado kutuandikia ripoti tu."

Mpiga picha alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Maiti haoni aibu, baba," Dobi alisema. "Tunaona sisi."

"Aibu utaiona kituoni. Kuvuruga ushahidi ni kosa. Na mtu havurugi bure, ana lake anaficha."

Ndani ya juma hilo binti alikuwa amemnong'oneza Dobi kambani, huku wakikamua mapazia, kwamba komeo la chumba chake limeng'olewa, na kila akiuliza anaambiwa fundi atakuja.

"Afande, komeo la chumba chake..."

"Nimekuuliza habari za komeo?"

Mpelelezi akampaka wino, akamgandamiza vidole kwenye karatasi kimoja kimoja. Karatasi ilitoka na madoa matupu.

"Alama zako umezipeleka wapi, mama?"

"Zimekwenda na nguo za watu."

Bosi, mwenye nyumba, alikuwa mlangoni mwa jikoni, ameshaoga, kikombe cha chai mkononi. Maelezo yake yalikwisha kuandikwa sebuleni, na mpelelezi alitoka huko akijifuta mdomo: Bosi alilala fofofo, alipoamka alikuta mtu ameshafunikwa, hakulifunua shuka.

"Na yeye atapakwa?" Dobi aliuliza, taratibu.

"Ya nini? Nyumba ni yake. Alama zake zitakosekana wapi?"

"Na mimi nafua humu tangu marehemu mume wangu yu hai."

"Usinifundishe kazi." Mpelelezi alionyesha chini ya ngazi. "Haya, lala kama ulivyomkuta. Tupige picha."

Dobi aliitazama sakafu. Damu ilikuwa bado haijakauka yote.

"Hapo hapo, afande?"

"Wakati unamgusa mbona hukuona kinyaa?"

Alimtaja Mungu kimoyomoyo. Akalikusanya gauni lake katikati ya magoti, akapiga goti, akajilaza ubavu. Saruji ilikuwa baridi. Alikunja mguu mmoja, akaukunjua. Mkono hakujua auweke wapi.

"Sivyo," sauti ikasema kutoka mlangoni.

Bosi alikuwa amenyoosha kidole, kama mtu anayemwelekeza fundi pa kutundika saa.

"Mkono wa kushoto ulikuwa chini ya tumbo. Na uso ulielekea ukutani."

Mpiga picha aliishusha kamera, akamtazama Bosi, akamtazama mkubwa wake.

"Afande, si amesema alipoamka..."

"Kamera yako ina masikio?"

Mpelelezi hakuinua kichwa. Alifuta kiatu chake kwa kiatu kingine, kisha akasema kwa sauti ya upole, sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu afike:

"Mama, fanya anavyokuambia Bosi."

Dobi aliusukuma mkono wake chini ya tumbo, akageuza uso. Chokaa ya ukuta ilimgusa pua. Nyuma yake kamera ililia, ikalia tena.

"Vizuri," Bosi alisema. "Sasa ndivyo."