Waziri wa Ghala la Tende

Jumanne, baada ya sala ya alasiri, Bi Ghalia alikuwa barazani kwake mjini Ibra, Uarabuni, akinywa kahawa. Mlango wa ghala la tende ukafunguliwa kwa ndani, akatoka Bwana Evaristo Lunghi, mwanasiasa wa Ajentina, na suti yake na tai shingoni.

"Karibu, Waziri," alisema Bi Ghalia. "Mwanamboka, lete kikombe."

Hakumuuliza kilichomleta. Mgeni haulizwi shida zake mpaka siku tatu zipite, na isitoshe ilijulikana. Kila akifukuzwa uwaziri kwao, hutokea ghalani. Mara ya kwanza walimtoa Uvuvi, ya pili Elimu. Safari hii Kazi, alikodumu miaka miwili mizima. Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja ya zamani, kimenyooka kuliko cha wajukuu wa Bi Ghalia. Hilo ndilo lililomuudhi bibi, si mambo ya ghala.

Siku ya tatu akapewa jembe. Bi Ghalia kazaliwa Malindi, Unguja, na kwao mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Waziri akaifunga tai yake kwenye mtende, akapalilia, akafungulia maji ya mfereji. Alifurahi, wallahi alifurahi.

"Bungeni sikupata kuona nilichokifanya kikaota," alimwambia Mwanamboka, aliyemletea maji ya kunywa.

Mwanamboka ni mtumishi wa nyumba ile, mtu wa Tanga, na mwaka wa sita ulikuwa unakwisha hajapewa likizo. Mwanawe Radhia alikuwa anaolewa Ijumaa ya wiki inayofuata. Paspoti yake imo kabatini kwa Bi Ghalia, na ufunguo Bi Ghalia kaufunga penye pindo la leso.

"Niombee ruhusa, Waziri. Nikauone uso wa mwanangu, basi."

Waziri akanawa mikono, akaenda barazani.

"Bi Ghalia, nilipokuwa Kazi nilitia saini sheria. Mtumishi wa nyumbani ashike paspoti yake mwenyewe, na kila mwaka aende kwao."

"Mashallah, sheria nzuri," alisema Bi Ghalia, na alisema kwa moyo safi. "Lakini nitamwachaje aende, nami nina mgeni?"

Mgeni mwenyewe ni Waziri. Akarudi kupalilia.

Alhamisi ya wiki ya pili simu yake ikalia. Wamempa Uchukuzi. Akafungua tai mtendeni, akaaga, akaingia ghalani. Mwanamboka alikuwa nyuma yake na mkoba begani.

"Nami nipite?"

"Njia hii yafika ofisini tu, mwanangu."

Mlango ukafungwa. Mwanamboka alipoufungua akakuta magunia ya tende.

Ijumaa harusi waliitazama kwenye simu, jikoni. Radhia alipotoka kapambwa, Mwanamboka akapiga vigelegele, na Bi Ghalia akavipokea, machozi yanamtoka.

"Umezaa, Mwanamboka! Mwezi mtupu!"

Akajifuta kwa pindo lile la leso, ufunguo ukagonga meza. Kisha akatazama nje, jembe limeegemea ukuta.

"Waziri katuacha, nyumba imepooza. Bora wewe, huendi pahala."

"Ndiyo, bibi," alisema Mwanamboka. Akatoka, akalichukua jembe, maana mitende ilikuwa haijapata maji tangu jana.